Uliza Kabla ya Kujenga: Jinsi Utafiti wa Watumiaji Unavyoamua Kipi Kiongezwe kwenye Programu ya Simu

Kila programu ya simu inayotoa huduma kwa umma hufikia siku ambayo watu huanza kuuliza iongezwe nini. Mfanyabiashara wa Ukunda anataka kuona risiti zake za mwaka mzima. Afisa wa mapato anataka ripoti ya kila saa. Mwakilishi wadi anataka mahali pa wananchi kutuma malalamiko. Fundi wa kompyuta naye anataka kuweka ramani, kwa sababu ramani inapendeza. Kila ombi lina sababu yake, lakini bajeti ni ileile, muda ni uleule, na skrini ya simu haizidi upana wa kiganja.

Nani basi aamue kipi kiingie na kipi kingoje? Mara nyingi huamua mwenye sauti kubwa kwenye mkutano. Njia iliyo bora ni kuanza na mtu atakayeishika simu hiyo mkononi: kumfuata alipo, kumwangalia anavyofanya kazi yake, kumsikiliza, kisha kupendekeza kwa ushahidi. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa utafiti wa watumiaji. Makala haya yanaeleza inavyofanywa, inavyoweza kufaa katika kaunti yetu, na haki zako wewe mkaazi iwapo siku moja mtafiti atakujia na daftari lake.

Jambo hili si la mafundi pekee. Kwale ilihesabiwa kuwa na watu 866,820 katika sensa ya mwaka 2019, nao wameenea kutoka fuo za Diani na visiwa vya Shimoni hadi nyika ya Kinango. Kipengele kikijengwa kwa pesa za umma kisha kisitumike, hasara huwa mara mbili. Pesa zimekwenda, na mama wa Ndavaya bado anapanda gari kwenda kufuata huduma aliyoambiwa imo ndani ya simu yake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekaa ofisini akibuni programu hakilali kitanda hicho.

Somo la Thika, 2005

Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mfano mkubwa kuliko yote uko mfukoni mwako.

Oktoba 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza majaribio ya huduma mpya iliyoitwa M-Pesa. Sehemu ya gharama ililipwa na mfuko wa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza. Majaribio yalifanyika Thika na Nairobi, kwa mawakala wachache na wateja wasiozidi 500, wengi wao wakiwa katika vikundi vya mikopo vya shirika la Faulu Kenya. Lengo la awali halikuwa lile tunalolijua leo. Huduma ilibuniwa ili mkopaji apokee mkopo mdogo na kuulipa kwa simu, bila kubeba pesa taslimu hadi kwenye mkutano wa kikundi.

Waliosimamia majaribio, wakiwemo Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, hawakuishia kuhesabu miamala. Walifuatilia watu wanaitumiaje huduma ile, na wakaona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Baadhi ya wateja walikuwa wakilipiana mikopo na kurudishiana fadhila kwa njia nyingine. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliigeuza kuwa sanduku la kulalia pesa usiku, kwa kuwa benki zilifunga mapema kuliko duka la wakala. Wasafiri waliweka pesa mji mmoja na kuzitoa mji mwingine saa chache baadaye, ili wasizibebe njiani. Na wengi walinunua muda wa maongezi na kuwarushia jamaa zao mashambani.

Fikiria kama watu hao wangeulizwa ofisini, "Mngependa tuongeze nini kwenye malipo ya mikopo?" Huenda wangesema riba ipungue au ujumbe wa kukumbusha uje mapema. Hakuna ambaye angejibu, "Tugeuzieni huduma yote." Lakini matendo yao yalikuwa yamekwisha kusema: haja yao kubwa ni kupeleka pesa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, kwa usalama, hata kama wako mbali.

Kwa hiyo, huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mambo ya mikopo yaliwekwa kando. Ujumbe kwa wananchi ulikuwa mfupi: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha, waliojisajili walikuwa wamepita milioni 1. Malipo ya madukani, akiba, mikopo na mengineyo yalikuja miaka iliyofuata, moja baada ya jingine.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, anachofanya mtu hufundisha zaidi ya anachosema angependa. Pili, utafiti mzuri hauongezi tu, bali pia hupunguza. Pendekezo kubwa la majaribio yale lilikuwa kuondoa sehemu iliyokuwa ndiyo sababu ya mradi kuanzishwa.

Tofauti na baraza, tofauti na kura

Wakaazi wengi wamezoea vikao vya ushirikishwaji wa umma, ambavyo ni takwa la Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 10 inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa na misingi ya utawala. Vikao hivyo vina kazi yake: kupanga bajeti, kujadili miswada, kuweka vipaumbele vya wadi. Utafiti wa watumiaji hauchukui nafasi yake.

Tofauti iko kwenye swali. Baraza huuliza, "Mnataka nini?" Utafiti wa watumiaji huuliza, "Mara ya mwisho ulipolipia leseni ya biashara, ulifanya nini, hatua kwa hatua, na ulikwama wapi?" Baraza hukusanya watu mia mbili chini ya mwembe. Utafiti huketi na mtu mmoja kwenye kibanda chake kwa saa nzima. Barazani husikika zaidi wanaojua kusimama na kusema. Utafiti humtafuta hasa yule asiyesema.

Haufanani pia na kura ya maoni. Kura hukuambia ni wangapi wameudhika na jambo, ila haikuambii kwa nini. Mtu akijaza fomu kwamba programu "ni ngumu", fundi hana la kurekebisha. Akionekana akibonyeza kitufe kimoja mara nne kwa sababu hajui kama pesa zimekwenda, fundi ameshapata kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Hatua za utafiti

Ya kwanza ni kuandika swali. Timu hukaa na kujiuliza: tunataka kujua nini ili tuamue nini? "Tunataka kujua maoni ya watu" si swali. "Kwa nini wafanyabiashara wanaoanza kulipia leseni kwa simu wanaishia kwenda ofisini kumalizia?" ni swali, kwa sababu jibu lake lina uamuzi ndani yake.

Ya pili ni kuchagua watu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa ni rahisi kuwauliza walio karibu: wafanyakazi wenzetu, vijana wa mjini Kwale, wenye simu kubwa na bando la mwezi. Lakini watumiaji wa Kwale ni wa aina nyingi. Yuko mwenye hoteli Diani anayelipa kwa kompyuta. Yuko mama karanga wa Msambweni anayesubiri mashua pale Mkunguni, mikono ikiwa na magamba ya samaki. Yuko dereva wa tuktuk wa Ukunda ambaye muda wake wa kushika simu ni dakika mbili kati ya abiria na abiria. Yuko mfugaji wa Kinango anayechaji simu yake dukani. Yuko mchuuzi wa Lungalunga anayefanya biashara karibu na mpaka, ambako simu inaweza kuvuta mtandao wa Tanzania. Yuko mzee mwenye simu ya mulika mwizi, ambaye kwake programu ni namba inayoanza kwa nyota na kuishia kwa reli. Na yuko mkaazi asiyeona vizuri, ambaye maandishi madogo ya kijivu kwake ni sawa na ukurasa mtupu.

Je, ni lazima kuwahoji maelfu? La. Mtafiti Jakob Nielsen, aliyeandika sana juu ya urahisi wa kutumia kompyuta, alionyesha kwa hesabu kwamba mtu mmoja akijaribu mfumo hufichua kwa wastani karibu asilimia 31 ya kasoro zake. Wa pili huzirudia nyingine na kuongeza mpya chache, na ukifika watu watano utakuwa umeziona takriban asilimia 85. Baada ya hapo unasikia yaleyale. Lakini hesabu hiyo ni ya watu wanaofanana. Watano wa Diani hawawezi kumsemea mfugaji wa Kinango. Kwa hiyo ni afadhali watano wa kila kundi, kisha kurekebisha na kujaribu tena, kuliko hamsini wa kundi moja.

Ya tatu ni kwenda nyanjani. Njia ziko nne, na zinasaidiana. Kuna mahojiano, ambapo mtu husimulia alivyofanya siku fulani, si anavyofanya "kwa kawaida". Kuna kumwangalia mtu kazini kwake bila kumwingilia. Kuna kumpa kazi halisi, kwa mfano, "Tafadhali tafuta risiti yako ya mwezi uliopita," kisha kunyamaza na kutazama. Mwisho, kuna kusoma kumbukumbu zilizopo tayari: ni ukurasa gani watu wanauacha katikati, na ni swali gani hurudi kila siku kwa karani wa mapokezi. Karani huyo na mlinzi wa mlangoni ni hazina, kwa kuwa wao ndio wanaoulizwa njia na kila anayepotea.

Ya nne ni kupanga yaliyopatikana. Timu huandika kila jambo lililoonekana kwenye karatasi ndogo, jambo moja kwa karatasi moja, kisha karatasi zinazofanana huwekwa pamoja. Hapo ndipo malalamiko kumi yenye majina tofauti hugundulika kuwa tatizo moja. Ya tano ni kuandika mapendekezo, na ya sita ni kuyajaribu kwa watu wachache kabla ya kuyajenga kikamilifu.

Adabu ya Pwani na jibu la "ni sawa tu"

Kuna mtego mmoja ambao vitabu vya ng'ambo hauutaji vya kutosha, ila anayefanya kazi hii Pwani lazima aujue. Sisi tumelelewa kumpokea mgeni vizuri. Mtu akija na fulana yenye nembo ya serikali, amevuka jua, na akauliza, "Mama, programu hii unaionaje?" jibu la heshima ni, "Ni nzuri mwanangu, mmefanya kazi." Mama hadanganyi. Anamstahi mgeni. Mtafiti asiyejua hilo ataandika kwamba watu wameridhika, na programu itabaki na kunguni wake.

Dawa yake ni kubadilisha namna ya kuuliza. Usiombe sifa wala lawama, omba kisa: "Mara ya mwisho ilikuwaje?" Useme mapema kwamba si mtu anayejaribiwa bali ni programu, na kwamba mahali atakapokwama ndipo patakapotusaidia zaidi. Usimwonyeshe njia akianza kutafuta, hata kama mkono unakuwasha. Usiulize swali lenye jibu ndani yake, kama vile, "Si ingekuwa vyema tuweke ramani?" Na pale inapofaa, muulize kwa lugha ya nyumbani. Mtu anayefikiri kwa Chidigo au Chiduruma anaweza kueleza kwa lugha hiyo jambo ambalo kwa Kiswahili cha ofisini angelikata fupi.

Jambo jingine ni nani anamsindikiza mtafiti. Akienda na mwenye mamlaka juu ya wanaohojiwa, majibu hubadilika. Mchuuzi hawezi kusema wazi anachohisi juu ya ukusanyaji wa ushuru ilhali karani wa ushuru amesimama kando yake. Ni vyema mzee wa mtaa au viongozi wa kikundi, kama vile kamati ya usimamizi wa ufuo, wajulishwe kwanza, kisha mazungumzo yenyewe yafanyike faraghani.

Kutoka kilio hadi pendekezo: mfano

Tuchukue mfano wa kuelezea, si wa utafiti uliokwisha kufanywa. Tuseme kuna programu ya kulipia ushuru wa soko kwa simu, na lalamiko linalosikika zaidi ni kwamba "programu iko polepole". Anayesikia kwa juu atapendekeza kununua mtambo wenye nguvu zaidi, jambo la gharama kubwa.

Mtafiti akienda soko la Kombani na kutazama, huenda akaona jambo jingine. Muuza maembe analipa, na pesa zinakatwa upesi. Polepole inaanzia baada ya hapo. Hafungi simu. Anaiangalia, anaifungua tena, anamwita jirani. Ukimuuliza anangoja nini, anasema anangoja uhakika. Askari wa kaunti atapita saa nne, na siku hiyo mtandao ukiwa chini hataweza kufungua risiti, na bidhaa zake zinaweza kuzuiwa ilhali amelipa. Wengine, kwa hofu hiyo, wanalipa mara ya pili. Wengine wamerudi kudai karatasi.

Kilio kilikuwa "polepole", kumbe haja ni "ushahidi wa malipo ninaoweza kuuonyesha hata pasipo na mtandao". Hapo mapendekezo hubadilika kabisa: risiti ihifadhiwe ndani ya simu yenyewe ili ifunguke bila bando, ujumbe mfupi wenye namba ya risiti uende kwa mwenye simu yoyote, hata ya mulika mwizi, na askari awe na njia ya kuihakiki namba hiyo. Hakuna mtambo mpya ulionunuliwa. Na aliyekuwa akipoteza shilingi zake kwa kulipa mara mbili anazibakisha kwa chakula cha watoto.

Suala la kufanya kazi bila mtandao si dogo hata kidogo. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua ugavi wa vifaa kwa takriban wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii nchini, zikiwemo simu za kunakili taarifa za nyumba wanazozitembelea. Mhamasishaji hawezi kumwambia mama mjamzito angoje hadi mtandao urudi. Mfumo wa namna hiyo hauna budi kuhifadhi taarifa ndani ya simu, kisha kuzituma mtandao unapopatikana. Aliyewahi kufuatana na mhamasishaji hadi nyumba ya mwisho ya kijiji haulizi tena kwa nini kipengele hicho ni cha lazima.

Pendekezo lililokamilika

Pendekezo si orodha ya matamanio. Linapofika mezani kwa wanaoamua, liwe na majibu ya maswali haya sita: Ni nani mwenye tatizo? Alikuwa akijaribu kufanya nini? Alikwama wapi? Tumeliona wapi na kwa watu wangapi? Tunapendekeza nini? Na tutajuaje kama kimefaa?

Kwa mfano wetu, lingesomeka hivi: "Wachuuzi wa sokoni wanaolipa ushuru kwa simu hushindwa kuonyesha malipo yao mtandao ukiwa chini. Tumeliona kwa wachuuzi wanne kati ya watano tuliokaa nao, na karani wa soko amelithibitisha. Tunapendekeza risiti ihifadhiwe ndani ya simu na itumwe pia kwa ujumbe mfupi. Tutajua imefaa iwapo malipo ya mara mbili yatapungua na wachuuzi wakaacha kudai karatasi." Mwakilishi wadi, mhasibu na fundi wote wanaweza kulisoma na kulielewa, na yeyote anaweza kulipinga kwa hoja.

Mapendekezo yakiwa mengi, yanapangwaje? Profesa Noriaki Kano wa Japani alieleza mwaka 1984 kwamba sifa za bidhaa hazina uzito mmoja. Ziko zile za lazima: zikikosekana watu hukasirika, zikiwepo hakuna anayeshukuru. Programu ya malipo kutoa risiti ni jambo la namna hiyo, kama maji hotelini. Ziko zile ambazo kadiri zinavyozidi kuwa bora ndivyo raha inavyozidi, kwa mfano idadi ya hatua za kulipa kupunguzwa kutoka nane hadi tatu. Na ziko zile za kupendeza, ambazo hakuna aliyeziomba lakini zikija watu hufurahi. Kosa la kawaida ni kukimbilia za kupendeza ilhali za lazima bado hazijakamilika. Ramani yenye rangi haimsaidii mtu ambaye risiti yake haifunguki.

Kisha hupimwa manufaa dhidi ya gharama. Kinachowasaidia wengi kwa kazi ndogo kitangulie. Kinachowasaidia wachache lakini bila hicho hawapati huduma kabisa, kama vile maandishi makubwa kwa wasioona vizuri, kisisukumwe mwisho wa foleni kwa sababu ya uchache wao. Ibara ya 54 ya Katiba inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia habari, na programu ya umma haiko nje ya haki hiyo. Ibara ya 7 nayo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kitufe cha Kiswahili si zawadi.

Na kipo kitu ambacho hakihitaji programu hata kidogo. Wakati mwingine utafiti humaliza kwa kusema: msijenge chochote, bandikeni tu kibao chenye saa za kufungua, au mpeni karani jibu moja linaloeleweka. Pendekezo la namna hiyo ni halali, na mara nyingine ndilo la thamani zaidi.

Haki zako mtafiti anapokujia

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda kila mtu ambaye taarifa zake zinakusanywa, na Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha yako. Kwa hiyo kumbuka yafuatayo:

Una haki ya kuambiwa mtafiti ni nani, anakusanya nini, kwa sababu gani na taarifa zitatumikaje. Mwombe kitambulisho cha kazi, si utovu wa adabu.

Una haki ya kukataa, au kukubali kisha ukabadilisha nia. Kukataa hakupaswi kukunyima huduma yoyote.

Picha, sauti na video havichukuliwi bila idhini yako. Mtoto hahojiwi bila idhini ya mzazi au mlezi.

Taarifa ulizotoa kwa ajili ya utafiti hazifai kugeuzwa kuwa orodha ya kukufuatilia kwa ushuru au kwa kampeni. Una haki ya kuomba kuziona, kusahihishwa na kufutwa kwa mujibu wa sheria.

Mtafiti wa kweli hakuulizi namba yako ya siri, hakuombi pesa, na hakuambii umtumie tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Akifanya hivyo, huyo si mtafiti. Maliza mazungumzo na uripoti kwa polisi au kwa ofisi ya msimamizi wa wadi.

Unavyoweza kusaidia

Huna haja ya kungoja mtafiti. Unapopeleka lalamiko juu ya huduma yoyote ya simu, iwe kwa ofisi ya wadi au kwa namba ya huduma kwa wateja, lipeleke kwa namna itakayomsaidia fundi. Badala ya kusema "haifanyi kazi", sema ulikuwa unajaribu kufanya nini, siku gani, saa ngapi, kwa simu ya aina gani, ulifika hatua ipi, na simu ilikuandikia nini. Andika namba ya muamala kama ipo. Na ukiwa na njia yako ya mkato, kama vile kumtumia mwanao akulipie au kulipa alfajiri mtandao ukiwa mzuri, itaje pia. Njia za mkato ndizo zilizowafunulia wale wa Thika haja halisi ya watu.

Kwa wakuu wa idara na wote wanaopanga huduma za kidijitali, ombi ni moja: kabla ya kutia saini ya kujenga kipengele kipya, uliza kimetoka kwa nani na kimeonekana wapi. Siku tatu za kukaa sokoni, bandarini na zahanati si gharama kubwa ukilinganisha na mwaka mzima wa kutunza kitu kisichotumika. Na mkimaliza, rudini kwa watu wale wale muwaambie mlichoamua na kwa nini, hata kama ombi lao halikupita. Aliyetoa saa yake moja akiwa na samaki wa kukaanga anastahili kujua saa hiyo ilikwenda wapi, na akijua, mtakapokuja tena atawakaribisha.